Noti Isiyochuja

Baba yangu alikuwa mtu wa majigambo, na sioni sababu ya kumpunguzia leo kwa kuwa ni marehemu. Kazi yake ilikuwa kuchapa maua kwenye vitambaa, hapa hapa Bukhara, mtaa ulio nyuma ya mfereji wa Shahrud, kama baba yake na babu yake. Ukimwuliza habari za asubuhi, anakujibu habari za rangi zake. "Kitambaa cha Ismat," alikuwa akisema, "mzike nacho mtu, siku ya kufufuliwa atatoka nacho maua yakiwa mekundu vile vile." Imamu wa msikiti wetu alimwonya mara mbili kuhusu maneno hayo. Hakuacha.

Ubaya wake ni kwamba alikuwa anasema kweli. Vibao vya kuchapia alivichonga mwenyewe kwa mti wa peasi, akavitia mafuta mwaka mzima kabla ya kuvigusisha rangi. Nyekundu aliitoa kwenye mizizi, njano kwenye maganda ya makomamanga, na zote alizishikisha kwa shabu, ile chumvi ya mawe inayozuia rangi kutoka, aliyoionja kwa ulimi kama mpishi anavyoonja chumvi. Kitambaa kikishachapwa kilitiwa moto, kikafuliwa kwenye maji yanayokimbia, kikaanikwa, kikafuliwa tena. Kitu ambacho hakijafuliwa, kwake yeye, kilikuwa hakijaisha. "Kabla ya maji," alituambia, "hicho ni uchafu tu juu ya pamba." Akina mama waliokuwa na mabinti wa kuolewa walikuja kwake kutoka hata Karshi, maana bibi harusi anayelia machozi juu ya shuka la Ismat hakuamka na shavu jekundu.

Rangi moja tu hakuigusa, nayo ni buluu. Huku kwetu nili ni kazi ya Mayahudi. Mpiga nili wetu aliitwa Hizkiyo, alikaa ng'ambo ya mfereji, na mikono yake ilikuwa buluu hadi kwenye viwiko, kwenye kucha karibu nyeusi. Yeye na baba walikuwa marafiki tangu ujana, na sijapata kuwasikia wakiongea bila kutukanana.

"Jogoo huyo anakuja," Hizkiyo alisema kila baba alipovuka daraja na furushi la vitambaa. "Umeleta nini leo? Maua au mboga?"

"Nimeleta kazi. Chovya, halafu ufunge mdomo."

"Mara ya mwisho nilipofunga mdomo uliwaambia watu buluu yangu ni yako."

"Niliwaambia imetulia. Sikusema ya nani."

Hivyo ndivyo walivyosalimiana kwa miaka thelathini.

Amiri alipoishiwa fedha ya kweli, au alipoificha, maana wapo waliosema hivyo, akaanza kutoa pesa za karatasi. Wachongaji na wachapaji wote wazuri wa mjini wakaitwa ngomeni. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimerudi kwa baba baada ya mume wangu kufa kwa homa, kwa hiyo nilikuwepo siku aliporudi na habari. Alitembea uani kifua mbele kana kwamba Amiri amempa farasi. Alichonga kibao cha noti ya tenga elfu, tenga ndiyo fedha yetu, kwa siku arobaini: nyota, mwezi mwandamo, maua ya pambizo, nambari ndani ya duara, na maandishi membamba kiasi kwamba alizuia pumzi kila alipogeuza patasi. Nitasema nilivyoona kwa macho yangu. Sijaona karatasi nzuri kuliko ile.

Tatizo lilikuwa rangi. Rangi zilitolewa na ngome, za maji na gundi, za kupaka na kukauka, basi. Na sisi watu wa Bukhara pesa tunaiweka ndani ya kilemba au ndani ya mshipi, na kiangazi chetu mnakijua. Haikupita mwezi, watu wakaanza kugonga mlango wetu. Wa kwanza alikuwa Shodmon muuza nyama, paji la uso lina mstari mwekundu na mwingine wa kijani.

"Fundi Ismat," alisema, "nimetoka jasho la tenga elfu mbili."

Mtaa mzima ulicheka. Baba hakucheka. Aliichukua ile noti iliyolowa, akaigeuza upande huu na upande huu, na nilimwona masikio yakimwiva. Kibao kilikuwa chake, kila mtu alijua ni chake, na rangi ilikuwa inakimbia kama ya mchapaji wa vijijini. Aliumia. Usiku wa siku ile hakula, na mama, ambaye hakumwita mumewe kwa jina hata siku moja bali kwa jina langu, aliniambia, "Baba Muhayyo leo amefiwa."

Asubuhi akaenda kwa Mirzo Latif, karani aliyesimamia uchapaji.

"Pesa za Amiri zinachuja," baba alimwambia.

"Zimechapwa zitumike, Fundi, siyo zivaliwe."

"Nipe ruhusa nizitulize. Shabu kidogo tu na moto."

"Nikupe ruhusa, halafu niandike wapi? Nenda kachape."

Akaenda akachapa. Lakini vita na Warusi vilipokaribia na ngome ikataka noti nyingi kuliko wachapaji wake walivyoweza, mafundi wakaanza kupewa karatasi za kupeleka nyumbani, zimehesabiwa, zirudishwe zimehesabiwa. Baba alileta karatasi mia tatu. Akazilaza juu ya meza ya kuchapia, akazipapasa kwa kiganja. Karatasi ile ilikuwa ya magome ya mforosadi, ngumu, imesuguliwa kwa jiwe. "Hii si karatasi," alisema. "Hiki ni kitambaa ambacho hakijijui." Nikajua tumekwisha.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mtunza hazina hangelifanya, wala mwandishi, wala mtu yeyote isipokuwa mchapa vitambaa. Alizitengeneza pesa za Amiri zifulike.

Alitupa rangi ya ngome, akachanganya zake. Buluu ya pambizo alimwomba Hizkiyo, naye akaileta mwenyewe kwenye gudulia, akikebehi njia nzima. Karatasi haiwezi kuchemshwa kama pamba, kwa hiyo baba alizunguka uani akitafuta namna, mpaka macho yake yakatua kwenye sufuria ya mama ya kupikia mantu, maandazi yetu ya nyama, kwa mvuke, ile yenye matundu.

"Hiyo hapana," mama alisema.

"Siku mbili tu."

"Baba Muhayyo, humo mnapita chakula."

"Na sasa itapita serikali. Muhayyo, washa moto."

Niliwasha. Mimi ndiye niliyezipanga noti za Amiri juu ya mvuke, kumi kumi, pale pale yalipokuwa yakikaa mantu, na mama ndiye aliyezisuuza kwenye mfereji mdogo unaopita uani kwetu, akizishika pembe mbili kwa vidole kama nguo za kitoto. Tukafunga kamba kutoka mti wa komamanga hadi nguzo ya baraza, tukaanika. Jirani yetu Bibi Sabohat, aliyekuwa juu ya paa lake akigeuza mishmishi zinazokaushwa, akachungulia.

"Nyie! Mnafua pesa?"

"Zilikuwa chafu," mama akajibu, bila kuinua kichwa.

Zilipokauka baba alichukua moja, akaitumbukiza kwenye bakuli la maji safi, akahesabu hadi mia. Maji yakabaki maji. Aliipaka mate, akaisugua shavuni, akamwonyesha mama shavu. Hakukuwa na kitu. Yule mzee alicheza, akiwa na ndevu zake, kuzunguka mti wa komamanga. Mantu yetu yalikuwa na ladha ya shabu kwa muda wa wiki tatu.

Karatasi mia tatu zikarudi ngomeni, zikahesabiwa, zikatoka sokoni pamoja na nyingine. Ujira wake baba alilipwa kwa noti zile zile, na moja akampa Hizkiyo kwa ajili ya nili. "Hii," alimwambia, "waweza kuogea."

Sasa, kuna jambo ambalo baba hakulijua kwa sababu alikuwa nyumbani akijisifu. Kwenye mji wa stesheni, ambako Warusi wanakaa, kulikuwa na watu wanaoghushi pesa zetu kwa wino wa dukani. Wino ule ulikuwa hautoki. Wabadilisha fedha wa chini ya kuba la soko walikuwa wamegundua namna ya kuzitambua: unalamba kidole gumba, unasugua noti. Kidole kikitoka na rangi, ni pesa ya Amiri. Kikitoka safi, ni ya kughushi.

Hizkiyo alikwenda kununua ngano. Mbadilisha fedha akalamba kidole, akasugua, akatazama kidole. Akasugua tena. Kisha akaitazama pambizo ya buluu ya ile noti, akaitazama mikono iliyomkabidhi, buluu hadi viwikoni, akapiga kelele. Walimfunga kwa mshipi wake mwenyewe wa kamba, ule ambao Mayahudi walilazimishwa kuvaa, wakampeleka kwa Mirzo Latif. Anayeghushi pesa ya Amiri alikuwa akikatwa mikono, na kila mtu sokoni alishasema ile buluu inatosha kuwa ushahidi.

Tuliletewa habari tukiwa tunakula tikiti. Baba aliweka kipande chini.

"Kaa," mama alimwambia. Alimshika mkono wa joho. "Nakuomba. Hawajui ni zako. Ukienda watakata yako."

"Rohat," baba alisema, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akimwita kwa jina. "Nipe sufuria ya mantu."

Alifunga kwenye shuka kibao, shabu, vigudulia vya rangi na ile sufuria, akatoka. Yaliyotokea ngomeni nayasimulia kama Hizkiyo alivyoyasimulia, na aliyasimulia mara nyingi mno. Baba hakuyasema hata mara moja.

Anasema baba aliingia bila kukaribishwa, akaweka sufuria katikati ya zulia la Mirzo Latif na kusema, "Huyu nili yake ni nzuri, lakini hawezi kuchapa hata alama ya mguu wake. Hii noti ni yangu. Leteni makaa."

Mirzo Latif alifikiri amerukwa na akili. Lakini makaa yakaletwa, labda kwa sababu hakuna aliyewahi kuona mtu akipika pesa. Baba akachapa noti moja mbele yao, rangi baada ya rangi, akaiweka kwenye mvuke, wakasubiri wote muda wa kunywa chai mara mbili. Kisha akaomba chai yenyewe, ile ya kijani ndani ya buli la karani, akaimimina juu ya noti. Akainyoosha kwa karani.

"Lamba kidole, bwana."

Karani alilamba, akasugua. Kidole kilitoka safi. Akailinganisha na ile ya Hizkiyo, mkwaruzo kwa mkwaruzo, maana kibao cha baba kilikuwa na kovu dogo kwenye jani la tatu. Hakuwa mtu mbaya yule, alikuwa karani.

"Fundi," alisema, "tuseme hizi mia tatu ndizo nzuri. Zile nyingine zote zilizotapakaa kuanzia hapa mpaka mtoni ni nini? Nani atakwenda kumwambia Amiri, wewe au mimi?"

Karani akaisukuma ile noti pembeni.

"Soko limeshajifunza kwamba pesa ya Amiri inachuja. Sitalifundisha upya vita vikiwa mlangoni. Kwa hiyo ama huyu mpiga nili ameghushi, na mikono yake inakwenda, ama wewe umeharibu kazi. Kesho adhuhuri utasimama chini ya kuba, utasema kwa kinywa chako kwamba ulikosea dawa, kwamba rangi isiyotoka ni kosa la Ismat, na inayotoka ndiyo halali. Hizo mia tatu zikusanywe. Huyu atakwenda nyumbani."

Hizkiyo, akiwa amefungwa pale chini, akapaza sauti. "Usiseme, Ismat! Waambie wakate mmoja! Nitabaki na mmoja!"

"Nyamaza wewe," baba akamjibu. "Kwa mkono mmoja utakamuaje kitambaa?"

Kesho yake mimi na mama tulijifunika, tukasimama upande wa wauza nyuzi. Soko lilijaa. Mpiga mbiu alimwita jina, na baba akapanda juu ya sanduku, amevaa joho lake la sikukuu. Nilidhani atanong'ona. Hapana. Alisema kwa sauti ile ile aliyojigambia nayo miaka yote. "Mimi Ismat, mchapaji wa nyuma ya Shahrud, nilikosea. Noti isiyochuja ni kosa langu. Sikuijua kazi yangu." Mtu mmoja akacheka, kisha soko zima likacheka. Nililia chini ya shela kwa hasira, na leo nikikumbuka bado hasira hiyo ninayo. Shodmon muuza nyama, yeye aliyekuja na paji la rangi mbili, ndiye aliyecheka zaidi.

Hizkiyo alifunguliwa saa ile ile. Akapita katikati ya watu mikono yake yote miwili ikining'inia, akaenda kusimama chini ya lile sanduku mpaka baba aliposhuka.

Jina lilikwenda na maji. Mama wa mabinti wakaanza kuja na bakuli, wakisugua shuka mlangoni kabla ya kununua, na wengine hawakuja kabisa. Watoto walimfuata wakiimba, "Ismat hajui kazi!" Akarudi ngomeni, akachapa noti zinazochuja mpaka mwisho, na akazichapa vizuri.

Mwisho wenyewe haukuchelewa. Mwaka uliofuata ndege za Warusi zikadondosha mabomu, nusu ya mji ikaungua, Amiri akakimbilia milimani, na pesa zake zikawa hazinunui hata kipande cha mkate. Lakini zina maandishi, na karatasi yenye maandishi sisi hatuitupi wala hatuikanyagi, maana huenda limo jina la Mungu. Unaiokota, unaisokomeza kwenye ufa wa ukuta. Basi watu walisokomeza. Kuta zote za udongo za Bukhara zikashiba pesa, na mvua za masika zilipokuja zikalia nyekundu na kijani mpaka chini.

Hapo nilimwambia baba, "Amiri hayupo. Karani hayupo. Nenda kasimame pale pale, useme ukweli."

Alikuwa anachonga. Hakuinua macho. "Kauli ile niliiuza kwa mikono miwili," alisema. "Mikono yenyewe naipelekea vitambaa kila Jumatatu. Leo nikadai kauli irudi?"

"Wanakucheka."

"Kwa sababu hawajui kazi. Nipe hiyo patasi ndogo."

Hakulizungumza tena. Aliendelea kuchapa, wateja wachache, maua yale yale. Alikufa miaka kumi na mmoja baadaye, majira ya forosadi kuiva, na majigambo yake yakiwa kamili.

Siku ya mazishi wanaume walisimama langoni wamefunga mishipi kiunoni, kama desturi ya wafiwa, na mimi nikatazama kupitia mlango wa ua wa ndani. Hizkiyo alikuja, mzee sasa, mgongo umepinda, amejifunga mshipi, safari hii kwa hiari yake, akajipanga pamoja na ndugu wa marehemu. Wapo waliomtupia jicho. Hakuwajali. Shodmon alikuwepo, na wabadilisha fedha wa zamani, na wengi wa wale waliokuwa chini ya kuba.

Mkate na chai vilipoletwa, Hizkiyo aliomba bakuli la maji. Akavua kiatu, akatoa chini ya soli kipande cha karatasi kilichokunjwa. Kumbe zile mia tatu zilipokusanywa alificha moja, na alikuwa ameitembelea miaka yote hiyo, kiangazi na theluji. Akaikunjua. Nyota, mwezi, pambizo ya buluu. Akaitumbukiza kwenye bakuli kwa mkono wake wa buluu, akaiminya, akaisugua kama anayefua kola, mbele yao wote. Kisha akamsogezea Shodmon bakuli.

"Tazama humo," alimwambia.

Shodmon akatazama. Maji yalikuwa safi, unaona mpaka maua ya kwenye bakuli.

"Mlimjua Ismat miaka sitini, mkamwita mwongo kwa kujisifu," Hizkiyo alisema. "Alidanganya siku moja tu. Na siku hiyo ndiyo mliyomwamini."